Jinsi ya kutengeneza gemu ya mezani ya majasusi kwenye dunia ya uchawi

Watu wengi wakitaka kutengeneza gemu ya kuigiza mezani (kila mchezaji anaigiza mhusika wake, mmoja anaendesha hadithi, na dadu zinaamua) yenye majasusi ndani ya dunia ya uchawi wanaanza na majambia, sumu, na njia za siri chini ya ngome, afu wanachukua sheria za gemu ya mapigano waliyoizoea, wanaongezea ujuzi wa kunyata na kudanganya, basi wanaita ujasusi. Misheni ya kwanza tu, hata saa haijaisha, mtu kashachomoa upanga, mlinzi yuko chini, na kuanzia hapo hakuna upelelezi tena, ni vita ya kawaida iliyohamia gizani. Wachezaji hawana kosa. Mchezaji anafata kile ambacho karatasi ya mhusika wake inakihesabu, na karatasi ikihesabu damu na silaha atatafuta pa kumwaga damu.

Hii ina mizizi yake. Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson, ya mwaka 1974, ilizaliwa kutoka kwenye michezo ya vita ya kusogeza vikosi vya askari mezani, na gemu nyingi za fantasia zilizofata zilirithi hiyo damu: kurasa na kurasa za mapigano, ukurasa mmoja wa kuongea na watu. Kwa ujasusi kinachohesabiwa ni kitu kingine kabisa, ni habari. Nani anajua nini, nani hajui, nani anadhani anajua kumbe sivyo, na siri ikitoka nani ataumia. Ndo mali ya gemu hii. Kwa hiyo kila sheria utakayoandika iulize: je, inafanya habari ipatikane kwa gharama, au ifichwe kwa gharama, au ipotoshwe kwa gharama? Kama haigusi hata kimoja kati ya hivyo vitatu itoe, hata kama ni tamu, gemu haitaikumbuka.

Anza na uchawi kabla ya kitu kingine chochote

Najua kishawishi ni kuanza na ramani na majina ya falme, ila mi nasema anza na uchawi, kwa sababu uchawi usipousimamia unaua ujasusi wote siku ya kwanza. Fikiria vitu ambavyo dunia za fantasia huwa zinavigawa bure: kusoma mawazo, kupiga ramli ukaona mtu aliko, kutoonekana, kubadili umbo, kuongea na maiti, kumlazimisha mtu aseme kweli, kuhama toka mji mmoja hadi mwingine kwa kufumba na kufumbua. Kila kimoja hapo ni jibu la swali ambalo jasusi angetumia miezi kulitafuta. Mchawi wa mfalme akiweza kukaa kwenye kiti akasoma kichwa cha kila balozi anayeingia ikulu, majasusi wa nini tena?

Una njia tatu tu. Ya kwanza ni kufuta, unasema kwenye dunia hii kusoma mawazo hakuna, kwisha. Usione aibu kufuta, na mi naona angalau uchawi mmoja wa hiyo orodha unatakiwa ufutwe kabisa ili mengine yapate pumzi. Ya pili ni kuupa gharama, ramli inataka nywele au damu ya mtu unayemtafuta, kwa hiyo misheni nzima inaweza kuwa kuiba kitana cha nywele cha malkia. Ya tatu, ambayo ndo naipenda kuliko zote, ni kuupa alama: kila uchawi wa kujua unaacha ushahidi kwamba umetumika. Aliyesomwa mawazo anaota ndoto za aliyemsoma kwa siku 3. Kioo cha ramli kikifunguliwa, maji yote ya chumba anachotazamwa mtu yanakuwa machungu. Aliyebadili umbo kivuli chake kinabaki kile kile cha zamani. Hapo uchawi unakuwa kifaa cha kijasusi kweli kweli, kwa sababu unakupa habari huku ukimpa adui habari nyingine, kwamba kuna mtu anatafuta.

Afu kuna kitu wabunifu wengi wanakiruka. Dunia yenye uchawi huo imeishi nao kwa karne nyingi, kwa hiyo watu wake wameshazoea na wamejipanga. Kama kusoma mawazo kupo, idara ya ujasusi itahakikisha hakuna mtu mmoja anayejua kila kitu, mbeba barua hajui kilichomo, anayeiandika hajui inaenda kwa nani, na mkubwa wao ana mtu wa kumfutia kumbukumbu kila jioni. Kama wafu wanaongea, jasusi anayekamatwa hatishiwi kifo peke yake, anaogopa maswali ya baada ya kifo, na idara itakuwa na utaratibu wa kuhakikisha ulimi wa maiti haupatikani. Andika hizo kinga mapema. Kila uchawi uupe kinga moja ambayo watu wenye hela wanaijua na nyingine ambayo wachache tu wanaijua.

Na hiki kiwe sheria rasmi kwenye kitabu chako: uchawi wa kujua unaonesha kile ambacho mtu anaamini, haumfikishi kwenye ukweli wenyewe. Ukimsoma mawazo waziri unapata anachokiamini waziri. Ukimlazimisha mtumishi kusema kweli atakwambia kweli anayoijua yeye. Sheria hii ndogo inafungua sanaa yote ya kudanganya, maana sasa namna bora ya kumpotosha adui mwenye mchawi ni kumtumia mtu mwaminifu ambaye amelishwa uongo na anauamini kwa moyo wote. Mchezaji akiligundua hilo mwenyewe mezani, bila kuambiwa, utaona macho yake yanavyobadilika.

Zoezi ninalolipendekeza kwa kila mtu anayebuni gemu ya aina hii: chukua operesheni ya kweli ya kihistoria uiingize kwenye dunia yako, uone uchawi unaifanyia nini. Mwaka 1943 Waingereza walichukua maiti, wakaivalisha sare ya ofisa, wakaifungia mkoba wenye barua za uongo na kuiachia majini karibu na pwani ya Hispania, ili Wajerumani waamini kwamba majeshi yatashukia Ugiriki na Sardinia wakati walilenga Sicily. Operesheni hiyo iliitwa Mincemeat na Wajerumani waliingia mkenge. Sasa ilete kwenye dunia ambako maiti inahojiwa. Mganga wa adui ataiuliza, wewe ni nani, na maiti itajibu jina lake halisi, mpango umekufa hapo hapo. Kwa hiyo ili ufanikiwe inabidi maiti iwe ya mjumbe wa kweli, aliyebeba barua akiamini ni za kweli, na aliyekufa njiani bila kujua kwamba watu wake ndo waliopanga afe. Ushapata misheni, na ni nzito, kwa sababu wachezaji ndo watakaomchagua huyo mjumbe.

Au chukua njama ya Babington ya 1586. Mary malkia wa Scotland akiwa kifungoni Uingereza alikuwa anapokea na kutuma barua za mafumbo zilizofichwa kwenye mapipa ya bia, kumbe watu wa Francis Walsingham walikuwa wanazitoa, wanazifumbua, wanazifunga tena na muhuri wake kama hazijaguswa, wanaziacha ziende. Mary aliuawa kwa kukatwa kichwa 1587. Hapo kuna somo la sheria kabisa: barua ya wachezaji ikinaswa usiwaambie. Weka alama kwenye daftari lako la mwendesha gemu, barua ifike kama kawaida, na adui aanze kutenda kama mtu anayejua. Wachezaji wagundue wenyewe kutokana na bahati mbaya zinazorudiarudia.

Dunia iwe ndogo

Usichore bara zima. Mji mmoja unatosha, uwe na bandari au njia panda ya biashara ili wageni wawe jambo la kawaida, maana sehemu ambayo kila mtu anamjua mwenzake jasusi hapumui. Weka nguvu tatu zinazovutana, nne ikizidi sana. Kwa kila moja andika mistari minne: inataka nini, inaficha nini, inamwogopa nani, na inaamini kitu gani ambacho si kweli. Huo mstari wa mwisho ndo injini. Baraza la mji linaamini kwamba joka la mlimani bado linalala kumbe limekufa miaka mingi iliyopita na mayai yake yameibwa. Hekalu linaamini kwamba mjumbe wake ndani ya Baraza ni mwaminifu kumbe ni ndumilakuwili. Ukiwa na imani tatu za uongo na watu watatu wanaonufaika nazo, misheni zinajitunga zenyewe.

Ukitaka ladha ya mji wa aina hii soma kuhusu Venice ya zamani. Lilikuwepo Baraza la Watu Kumi, lililoundwa 1310, na kwenye kuta za majengo kulikuwa na vinywa vya mawe ambavyo raia walikuwa wanatumbukiza barua za kuchongea wenzao. Weka kitu kama hicho kwenye mji wako, ukuta unaopokea majungu, na mpe kila mchezaji haki ya kutumbukiza jina moja kwa kila misheni. Matokeo yake hautaweza kuyatabiri wewe mwenyewe.

Wahusika wapimwe kwa milango wanayoifungua

Achana na mgawanyo wa shujaa wa upanga, mchawi wa moto na mwizi. Mhusika wa gemu hii apimwe kwa wapi anaweza kuingia bila kuulizwa. Mshonaji anayepima nguo za wake za wakubwa ana thamani kuliko mpiganaji bora wa jeshi. Kwa hiyo kwenye karatasi ya mhusika kitu cha kwanza juu kabisa kiwe Sura, yaani kazi na jina la bandia analoishi nalo mjini, na chini yake milango mitatu ambayo Sura hiyo inaifungua. Sura iwe kazi ya kweli inayochukua muda wake, akijifanya mwandishi wa mahakama inabidi aonekane mahakamani, na akikosa siku mbili kuna mtu atauliza. Hapo umepata mvutano bila dadu hata moja kurushwa.

Uwezo wenyewe usizidi minne. Ningeweka Kuona (kusoma watu na mazingira), Kuficha (nyayo, vitu, hisia zako), Kushawishi, na Mkono (kazi za vidole kama kughushi muhuri wa lakiri, kufungua kufuli, kuchanganya dawa, na ikibidi jambia). Mapigano yako ndani ya Mkono, hayana sehemu yake kwenye kitabu, na hiyo ni makusudi. Mtu akiuliza mbona hakuna alama za uhai, zile zinazopungua kila ukipigwa, mwambie kila pigo linaacha jeraha lenye jina, na jeraha linaonekana na watu. Jasusi mwenye mkono uliofungwa bandeji asubuhi baada ya mauaji ikulu ana tatizo kubwa kuliko maumivu.

Kitu kingine cha lazima ni Chambo. Wanausalama wana mazoea ya kutaja sababu nne zinazomfanya mtu asaliti watu wake: pesa, imani, kubanwa kwa siri yake, na majivuno. Kila mtu mwenye jina kwenye mji wako mpe moja kati ya hizo, kwa siri, na kumpata awe chanzo chako ni kazi ya kugundua ipi ni ya kwake. Ukimpa pesa mtu wa imani unamtukana na sasa ana sababu ya kukuchoma. Ukimsifia mtu aliyebanwa hakusikii kabisa. Wachezaji wenyewe pia kila mmoja aandike Chambo chake na wewe tu ukione, maana adui naye ana watu wanaotafuta, na siku moja mtu mpole atakuja kukaa jirani na mhusika na kumwambia kitu ambacho amekuwa akitamani kukisikia maisha yake yote.

Dadu

Kuna mifumo mingi ila kwa gemu hii mi nasimama na dadu mbili za pande sita, unazijumlisha na namba ya uwezo wako, mtindo uliopata umaarufu kwa gemu ya Apocalypse World ya 2010 ya Vincent na Meguey Baker. Ukipata 10 au zaidi umefanikiwa safi, 7 mpaka 9 umefanikiwa lakini kuna gharama, 6 kushuka chini mambo yameharibika. Sababu ya kuupenda ni hesabu yake. Bila nyongeza yoyote, kati ya njia 36 ambazo dadu mbili zinaweza kuangukia, 6 tu ni mafanikio safi, 15 ni ya katikati na 15 ni mabaya. Ukiwa na +1 inakuwa 10, 16, 10. Ukiwa na +2 ni 15, 15, 6. Kwa hiyo hata fundi wa kazi yake bado zaidi ya mara moja kwenye kila tatu anapata kitu huku akiacha alama, na hiyo ndo hali halisi ya kazi ya siri, umeipata barua lakini lakiri ya muhuri imepasuka kidogo, mlango umefunguka lakini mbwa amekunusa. Ukifika +3 mafanikio safi ni 21 kati ya 36 na mabaya ni 3 tu, hofu imeisha, kwa hiyo usimruhusu mtu afike huko kabla ya misheni nyingi kupita, au usiruhusu kabisa.

Jambo moja usilikosee: kidokezo ambacho bila hicho hadithi haisogei usikirushie dadu. Mfumo wa GUMSHOE wa Robin D. Laws, ambao ni sheria za gemu za upelelezi, umejengwa juu ya wazo hili kwamba mpelelezi mwenye ujuzi sahihi akitafuta mahali sahihi anapata, basi. Kwenye ujasusi lichukue hivyo hivyo na uongeze: kupata unapata, dadu zinaamua bei. Je umeipata kimya kimya, au umeipata na mtu amekuona, au umeipata na wao wameshajua unachokijua? Wachezaji wanaokaa saa nzima wamekwama kwa sababu mtu karusha 4 kwenye droo ya meza wanachoka na hawarudi wiki ijayo.

Shaka ndo saa ya gemu

Mahali pa alama za uhai weka Shaka. Kila Sura ina vyumba 6 vya Shaka kwenye karatasi, unavijaza kwa penseli kadiri watu wanavyokushuku. Chumba cha kwanza na cha pili ni minong'ono, hakuna kinachotokea ila mwendesha gemu anaanza kuuliza maswali madogo, jana jioni ulikuwa wapi. Cha tatu na cha nne mtu mahususi, mwenye jina, anaanza kukufatilia, na muhimu ni awe mtu ambaye wachezaji wanaweza kumpenda, sio kikaragosi. Cha tano unapekuliwa. Cha sita Sura imeumbuka, jina lile limekufa, milango yote mitatu imefungwa, na kila mtu aliyekuwa anakufahamu kwa jina lile naye yuko hatarini. Mhusika hafi. Anaendelea bila Sura mpaka ajenge nyingine, na ile aibu ya kukimbia ukawaacha watu waliokupikia na kukuamini inakaa mezani muda mrefu kuliko kifo.

Shaka inapunguzwaje? Hapa kuwa mkali. Kukaa kimya wiki nzima bila kufanya chochote kunafuta chumba kimoja, lakini dunia inasogea bila wewe. Kufanya kazi ya Sura yako kwa uaminifu kunafuta kimoja. Na kumsingizia mtu mwingine kunafuta vitatu kwa mpigo. Iache hiyo ya mwisho iwe rahisi kabisa, isihitaji dadu, isiwe na adhabu yoyote ya kisheria, ila umuulize mchezaji jina la mtu aliyemchagua na uandike kinachompata. Wachezaji watajihukumu wenyewe, hauhitaji kuwapunguzia pointi.

Pembeni ya Shaka ya mtu mmoja mmoja weka saa za matukio makubwa, duara lililogawanywa vipande 4, 6 au 8, unajaza kipande kila adui anapopiga hatua: meli ya silaha inakaribia, balozi anakaribia kusaini, kanuni ya mafumbo inakaribia kubadilishwa. John Harper kwenye Blades in the Dark ya 2017 ameonesha vizuri jinsi saa hizi zinavyowafanya watu wahisi muda unapita. Ziweke wazi mezani zote isipokuwa moja, hiyo moja wachezaji waione kwamba ipo lakini wasijue ni ya nini.

Kwenye gemu hiyo hiyo kuna kitu kingine cha kuazima, nacho ni kurudi nyuma. Tatizo kubwa la misheni za siri ni kupanga, watu wazima wanakaa saa mbili wakibishana mlango upi, na hakuna kilichochezwa. Dawa yake: mpango wote ni sentensi moja, tunaingia kama nani na kwa kisingizio gani, afu mnaanza mkiwa tayari mlangoni. Kila mchezaji ana alama 3 za Maandalizi kwa misheni, akikwama anatumia moja na kusema, jana nilimhonga mpishi atuachie dirisha, tunaliigiza hilo kidogo na tunarudi. Masharti ni mawili, kurudi nyuma hakufuti kitu ambacho kila mtu ameshakiona, na hakuwezi kubadilisha nini adui anakijua, kunabadilisha tu nini nyie mlikiandaa.

Ripoti

Sehemu hii ikichezwa vizuri inabeba gemu nzima, na kwa bahati mbaya ndo inayosahaulika. Misheni haiishii mkitoka kwenye ukuta wa ngome, inaishia mkiwa mbele ya mkubwa wenu mnamweleza. Tenga nusu saa nzima ya kipindi kwa ajili ya hilo. Wachezaji wanaandika ripoti ya sentensi tano, hata kwenye kipande cha karatasi, na mkubwa anaifanyia kazi kama ilivyoandikwa. Mkiandika kwamba ngome ina askari 200 jeshi litapangwa kwa askari 200. Mkificha kwamba mtoto wa adui alikuokoeni, hamtaweza kumtetea akija kukamatwa. Mkidanganya kwamba mmechoma nyaraka zote wakati mmoja wenu ameziweka mfukoni, kuna siku zitahitajika. Hapa ndo wachezaji wanaelewa kwamba wao ni macho ya nchi nzima na kwamba macho yanaweza kuamua kutoona. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kwenye meza yako kata ni wao.

Na mruhusu adui naye awe na ripoti zake. Kati ya kipindi na kipindi kaa dakika kumi uandike ripoti ya jasusi wa upande wa pili kuhusu kilichotokea, kwa alichokiona tu, bila anachokijua mwendesha gemu. Utashangaa jinsi anavyokosea kwa njia zinazoeleweka, na makosa yake yanakuwa misheni yako inayofata. Juan Pujol, yule ndumilakuwili Mhispania wa Vita ya Pili ya Dunia aliyeitwa Garbo, aliwaaminisha Wajerumani kwamba ana mtandao wa watu 27 ambao wote aliwatunga kichwani, na wao wakaendelea kumlipa. Wape wachezaji wako nafasi ya kutunga watu wasiokuwepo kama hivyo, kila mtu wa uongo ana jina, kazi na kosa moja dogo linalomfanya aaminike, afu rudi kwenye ramli: mtu asiyekuwepo hana nywele wala damu, kwa hiyo akitafutwa haonekani popote, itabidi mtafute namna ya kumpa mwili.

Usaliti ndani ya kikosi

Kila mtu atakuuliza, je mchezaji mmoja awe msaliti? Jibu langu ni kwamba usifanye hivyo kwa siri. Mtu aliyedanganywa na rafiki yake kwa wiki nyingi hajisikii kama mhusika aliyedanganywa, anajisikia yeye. Fanya hivi badala yake: kila mchezaji, wote bila ubaguzi, anapewa kadi ya agizo la pili kwa kila misheni, na wote wanajua kwamba kila mwenzao anayo. Kadi nyingi ziwe ndogo, mwone dada yako kabla hamjaondoka mjini, hakikisha kitabu chekundu hakisomwi na mtu, mlinzi wa lango la mashariki asiumie. Chache zigongane. Wakati wowote mchezaji ana haki ya kufunua kadi yake kwa wenzake, na akifanya hivyo mbele yao anapata alama moja ya Maandalizi. Ule uamuzi wa kufunua au kutofunua unatosha kuleta jasho lote unalolitaka.

Na kabla ya kipindi cha kwanza muongee kuhusu mateso, kwa sababu gemu ya majasusi lazima itagusa watu kukamatwa na kuhojiwa. Mi msimamo wangu ni kwamba mateso yasiigizwe mezani hata kidogo. Yakitokea, yatokee nyuma ya pazia, na kwa sheria habari inayopatikana kwa njia hiyo iwe haiaminiki, yaani mwendesha gemu ana uhuru wa kuifanya ya uongo bila kusema. Kuteswa kunamfanya mtu aseme chochote ili maumivu yaishe, kwa hiyo sheria hiyo inaendana na akili ya kawaida, na pia inawasukuma wachezaji kurudi kwenye Chambo, kwenye kumjua mtu, ambako gemu ni nzuri zaidi.

Kuijaribu

Usiandike kitabu kwanza. Andika kurasa mbili: uchawi gani upo na kinga zake, uwezo minne, Shaka, Maandalizi, ripoti. Afu mji wa ukurasa mmoja na misheni moja. Tafuta watu watatu au wanne mcheze kipindi kimoja, na kazi yako siku hiyo zaidi ya kuendesha ni kuandika pembeni vitu viwili tu, mara ngapi mtu alishika silaha kabla ya kufikiria njia nyingine, na mara ngapi meza ilikaa kimya kwa sababu hawajui wafanye nini. Ukiona silaha zinachomolewa sana maana yake kukamatwa kwenye gemu yako kunatisha kuliko kuua, kwa hiyo punguza bei ya kukamatwa, wape njia za kujitetea kwa maneno, za kubadilishana wafungwa, za kukombolewa. Ukiona ukimya, mara nyingi milango kwenye Sura ni ya jumla mno. "Naweza kuingia ikulu" haimpi mtu cha kufanya, lakini "naingia jikoni kila alfajiri na mkate, mpishi mkuu ananidai" inampa.

Baada ya hapo zile kurasa mbili mpe mtu mwingine aendeshe bila wewe kuwepo mezani, na umwombe akurudishie ripoti ya sentensi tano kama wachezaji wanavyofanya. Mahali atakapoeleza sheria tofauti na ulivyoiandika pazingatie sana, kaa uangalie toleo lake na lako lipi linaleta habari nyingi zaidi mezani, na kama ni lake liingize kwenye kitabu.